Maswali ya wasomaji: Kukejeli majibu ya wanasiasa kwa waandishi wa habari

Kiongozi akihojiwa nasikia maneno mengi, lakini nashindwa kushika alipolikwepa swali. Nianzie wapi kabla ya kuandika kejeli?

Anza na swali, si jibu. Tafuta rekodi nzima, andika swali neno kwa neno, kisha jibu chini yake. Pigia mstari neno la kuulizia. "Nani" inadai jina, "lini" inadai tarehe, "kiasi gani" inadai tarakimu, "je" ikiwa peke yake inadai ndiyo au hapana. Kilichodaiwa kisipoonekana, swali limekwepwa, hata jibu likiwa refu na tamu kiasi gani.

Halafu chunguza vitenzi, maana humo ndimo mnamofichwa mengi. Akisema fedha "zilitumiwa vibaya", bado unaweza kumuuliza: na nani? Akisema "zilitumika vibaya", sarufi yenyewe imemwondoa mtenda. Sikiliza pia wakati wa kitenzi: "hatujasaini" inaacha mlango wazi kwa kesho, "hatutasaini" inaufunga. "Sikumbuki" si "sikufanya". Katika "sijapokea taarifa rasmi", mzigo wote umebebwa na neno "rasmi". Huenda alipigiwa simu na anajua kila kitu. Na anayesema "si kweli kwamba tulilipa bilioni tano" amekana tano, hajakana malipo.

Mbinu hizi zimeshachambuliwa. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza, Peter Bull na Kate Mayer, walipitia mahojiano ya waziri mkuu wa nchi hiyo, Margaret Thatcher, na kiongozi wa upinzani, Neil Kinnock, ya uchaguzi wa 1987 wakaorodhesha njia 30 za kutojibu swali. Miongoni mwake ni kulipuuza, kumrudishia muulizaji swali, kumshambulia yeye mwenyewe, na kudai kwamba limeshajibiwa. Ukiitambua njia iliyotumika, umeshapata shabaha yako.

Nikishaipata shabaha, naandikaje kejeli iume? Zangu huishia kuonekana matusi.

Kejeli inauma kwenye pengo kati ya kilichoulizwa na kilichojibiwa. Kila neno lililo nje ya pengo hilo linaipunguza makali. Njia fupi kuliko zote ni tashtiti, yaani kuuliza jambo ambalo jibu lake kila mtu analijua. Kwa yule wa fedha "zilitumika vibaya", maneno manne yanatosha: "Kwa hiyo zilitumika zenyewe?" Usiongeze sentensi ya pili kueleza ya kwanza.

Njia nyingine ni kulichukua jibu lake kama lilivyo na kulihamishia kwenye jambo la kila siku. Kiongozi ameulizwa mishahara italipwa lini, akasema mchakato unaendelea. Mweke mfanyakazi anayemjibu mwenye nyumba vivyo hivyo kuhusu kodi, uishie hapo. Wakati mwingine kurudia swali kunatosha. Mwaka 1997 mtangazaji wa BBC, Jeremy Paxman, alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, swali lilelile takriban mara 12 mfululizo, kama alimtishia mkuu wa magereza kwamba angeitengua amri yake. Paxman hakuhitaji kumtukana; mtazamaji alikuwa akihesabu mwenyewe.

Matusi huingia pale unapoacha jibu ukashika sura, umri, lafudhi au kabila la mtu. Papo hapo mjadala unahama: wewe ndiye unayetakiwa kujieleza, na lile swali la fedha limezikwa. "Hongera mheshimiwa" nayo imechakaa. Ukiitumia, iambatanishe na tarakimu au tarehe aliyoahidi mwenyewe.

Niliandika kejeli, watu wakadhani nasifu. Wengine wakaisambaza kama kauli yake halisi. Nilikosea wapi?

Ni makosa mawili tofauti. La kwanza ni la maandishi yenyewe, kwa kuwa hayana sauti. Katika utafiti wa Justin Kruger na wenzake uliochapishwa 2005, waandishi wa barua pepe walitarajia wasomaji watambue kejeli karibu mara 78 katika 100. Wasomaji walitambua mara 56 tu, ilhali kubahatisha kungewapa 50. Kwa hiyo tia chuku isiyowezekana kabisa, ile ambayo hata shabiki wake mkubwa hawezi kuimeza, na uweke kauli halisi ndani ya picha ileile ya kejeli. Vikikaa mbalimbali, watu watakata kimoja waache kingine.

La pili ni zito zaidi: usimtungie kiongozi maneno ukayafunga kwenye alama za kunukuu. Septemba 2008 Sarah Palin, gavana wa jimbo la Alaska aliyekuwa akigombea umakamu wa rais wa Marekani, aliiambia televisheni ya ABC kwamba kutoka sehemu ya Alaska unaweza kuiona Urusi. Siku chache baadaye mchekeshaji Tina Fey, akimwigiza, alisema anaiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Hadi leo wapo wanaoapa kwamba Palin ndiye aliyesema hivyo. Hapo wafuasi wa kiongozi hupata hoja ya haki dhidi yako, na jibu lake halisi linasahaulika.

Je, kila jibu la ajabu linastahili kukejeliwa?

Hapana. Anayesema "sijui, nitawajibu Ijumaa" mwache, ila andika hiyo Ijumaa. Ukimcheka, unawafundisha wenzake kubuni majibu. "Liko mahakamani" pia huweza kuwa jibu halali. Hakikisha kwanza kesi ipo, na kwamba swali linaigusa kweli.

Kuna pia hatari ya kucheka mahali pasipo. Tarehe 12 Februari 2002 Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa Marekani, alitofautisha mambo tunayojua kwamba hatuyajui na yale ambayo hata hatujui kwamba hatuyajui. Alichekwa duniani kote, na 2003 akapewa tuzo ya dhihaka na shirika la Uingereza linalotetea lugha nyepesi. Lakini mgawanyo ule una mantiki safi. Alikuwa ameulizwa kuhusu ushahidi wa kuihusisha Iraki na magaidi, na ushahidi hakuutoa. Kicheko kiliangukia lugha, swali la ushahidi likapita.

Kiongozi akirekebisha kauli yake, nifute kejeli yangu?

Usifute. Weka rekebisho palepale, kwa tarehe, wasomaji waone yote mawili. Kama alikiri kosa waziwazi, liandike hilo pia. Lakini rekebisho lenyewe linaweza kuwa ukwepaji mpya. Aprili 1973 Ron Ziegler, msemaji wa Rais Nixon wa Marekani, aliwaambia waandishi kwamba taarifa za awali za Ikulu kuhusu Watergate, kashfa ya uvunjaji wa ofisi za chama pinzani, sasa hazifanyi kazi tena. Hakusema zilikuwa za uongo. Ukikutana na rekebisho la namna hiyo, rudi kwenye swali la kwanza kabisa uliloliandika, ulipime rekebisho hilo kwa neno lile ulilolipigia mstari.