Jirani amesema "nitakuua": je, ni kosa?

Pole sana, dada. Aliyekwambia eti bila kidonda hakuna kesi amekupotosha. Kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema anayetoa tishio la kuua bila sababu halali, liwe la maandishi au la mdomo, anaweza kufungwa hadi miaka 10. Panga si lazima liinuliwe.

Ila si kila ukali ni kosa hilo. "Utanitambua" peke yake ni maneno mepesi, na wakili wa jirani ataipangua. Wewe unasema jirani alisimama kwenye ua, akakutaja jina, akasema "nitakuua kabla mpaka haujapimwa", na mpangaji wako akasikia. Hapo pana uzito. Hakimu atataka maneno yenyewe, sio "alinitishia maisha" tu, kwa hiyo yaandike leo jinsi yalivyotamkwa, kwa lugha aliyotumia, hata kama ni matusi.

Nenda kituo cha polisi na huyo mpangaji, uandikishe taarifa na usiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Wakikuzungusha, muone OCS (mkuu wa kituo) mwenyewe. Mgogoro wenu wa mpaka ni kesi ya ardhi, tofauti na hii ya tishio; usikubali wazichanganye.