Sakafu za Moto za Warumi

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Warumi wa kale walipasha moto sakafu za nyumba zao, na kwamba ufundi huo ulibuniwa na mfanyabiashara aitwaye Sergius Orata. Je, ni kweli? Na iliwezekanaje moto uwake chini ya sakafu bila waliomo ndani kukabwa na moshi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, sakafu hizo zilikuwepo kweli, ila habari ya Orata ina walakini. Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 BK, anasema kuwa Orata, aliyetajirika kwa kufuga chaza huko Baiae, karibu na Napoli, ndiye aliyebuni “bafu za kuning’inia”, na wengi wameyafasiri maneno hayo kuwa ni bafu zenye sakafu iliyoinuliwa juu ya moto. Orata aliishi karne ya 1 KK, ilhali wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta njia za moto chini ya bafu za Wagiriki katika kisiwa cha Sicily, zilizojengwa karne ya 3 KK. Mimi naona sifa hiyo ni haki ya mafundi wale ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Namna ya kujenga imeelezwa vizuri na Vitruvius, msanifu wa majengo wa zama za Kaisari Augusto. Kwanza husakafiwa chini kabisa, kwa mteremko unaoelekea kwenye tanuri, kiasi kwamba mpira ukitupwa ndani hautulii, bali hubiringika wenyewe hadi mlangoni pa tanuri; kwa mteremko huo, anasema, ndimi za moto husambaa kwa wepesi zaidi. Juu yake husimamishwa nguzo fupi za matofali, zenye kimo cha futi 2 za Kirumi, yaani kama sentimita 60, zikiungwa kwa udongo uliochanganywa na nywele, na juu ya nguzo hulazwa vigae vipana vinavyobeba sakafu yenyewe. Moto wenyewe huwaka pembeni, nje ya chumba. Kinachopita kati ya nguzo ni hewa ya moto na moshi.

Moshi huo ulipandia ukutani, ndani ya mabomba ya udongo yaliyofichwa nyuma ya lipu, ukatokea juu, na njiani ukazipasha moto kuta pia. Seneca, aliyefariki mwaka 65 BK, anayataja mabomba hayo kuwa ni ubunifu wa zama zake. Katika vyumba vya joto kali sakafu iliweza kuunguza nyayo, ndiyo maana waogaji walivaa mitalawanda.

Hata hivyo, usidhani kila Mrumi alikuwa nayo. Ilikuwa ya bafu za umma na majumba ya matajiri, kwa kuwa ilikula kuni nyingi na ilihitaji mtu, mara nyingi mtumwa, wa kukaa mdomoni pa tanuri akichochea. Huko Korea mambo yalikwenda vingine: ufundi wao, uitwao ondoli, hatimaye ulienea hadi kwenye nyumba za wakulima, kwa sababu moto ule ule uliopika chakula jikoni ulipitisha moshi wake chini ya mawe bapa ya chumba cha pili, na jioni familia ikatandika malazi juu ya sakafu yenye joto.