Kabla ya kumuuliza mwanafunzi, niulizeni mimi niliyekuwa na saiba

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Mwanafunzi afanye nini ili atafiti mtandaoni kwa usalama na kwa uadilifu?", nililisoma mara mbili, na mara ya pili nilihisi nimetajwa. Kwa miaka sita nilikuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, na kabla hatujamnyooshea mwanafunzi kidole ningependa tuulizane ni nani aliyemwonyesha kwamba utafiti ni bidhaa inayouzwa kwa ukurasa, shilingi 10 nyeusi na nyeupe, 20 yenye rangi. Nasema ni sisi watu wazima, na mtoto hana hatia.

Kila mzazi anaijua ile safari ya saa mbili usiku, kazi ya shule ikitakiwa asubuhi. Jioni moja aliingia mama na binti yake wa gredi ya tano, na kazi yenyewe ilikuwa historia ya ngome ya Fort Jesus. Mama akasema, "Kaka yangu, tufanyie upesi, matatu za Kisauni zinapungua." Sikutafuta chochote. Nilikuwa na faili tayari, ambalo nilikuwa nimekwisha kuwauzia wateja 11. Nikabadilisha jina la mwanafunzi kwenye jalada na kuchapisha kurasa nne. Binti akaniuliza, "Ami, mwalimu akitaka kujua tumeyatoa wapi, nimwambie nini?" Nikamjibu, "Andika: mtandao." Akaandika, kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi moja baadaye alirudi peke yake. Darasa lao lilikuwa limepelekwa kwenye ngome yenyewe, na huko wakaelezwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa ramani ya Mwitalia aitwaye Giovanni Battista Cairati. Karatasi yangu ilisema ngome ilijengwa na Vasco da Gama mwaka 1498. Ni kweli Vasco da Gama alitia nanga Mombasa mwaka huo, lakini hakuweka hata jiwe moja. Kati ya merikebu zake na kuanza kwa ujenzi kuna miaka 95, na aliyeandika maneno yale aliikunja yote ikawa siku moja. Kosa hilo halikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kwamba mwalimu alikuwa ameshaandika "Vizuri sana" kwa wino mwekundu, mama amemwambia bintiye anyamaze kwa kuwa alama zimekwisha kutolewa, na mtoto bado alitaka kuuona ukurasa niliounakili ili amwonyeshe mwalimu kosa lilianzia wapi. Sikuweza kumwonyesha. Faili halikuwa na anwani ya tovuti, wala tarehe, wala jina la mwandishi.

Tukakaa tukaitafuta sentensi ile, tukiiweka ndani ya alama za kunukuu ili tuletewe maneno yaleyale, na zikatokea kurasa tatu. "Basi zote tatu zinasema hivyo, ami," akasema, kama anayenionea huruma. Nikamwonyesha kwamba koma iliyokosewa ilikuwa palepale katika kurasa zote. Mashahidi wetu watatu walikuwa kinywa kimoja. Kisha tukafungua Wikipedia, tukateremka hadi chini kwenye marejeo, mahali ambapo mimi mwenyewe, kwa miaka yote ile ya kuuza utafiti, sikuwahi kufika. Zilipita dakika 40. Nilimtoza pesa za dakika hizo, na hilo nalikiri.

Kuhusu usalama nitasema machache. Kompyuta ya saiba haisahau. Asubuhi nilikuwa nikikuta barua pepe zimeachwa wazi, maneno ya siri yamehifadhiwa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu vikimngoja mteja wa kwanza avifungue. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Ukutani kwangu kulikuwa na tangazo moja tu, la kukataza kula. Mwanafunzi na atoke kwenye akaunti yake kabla hajainuka, afute alichopakua, na asiipe namba ya simu ya mamake tovuti inayomtaka ajisajili ili asome insha moja.

Nilianza kwa kusema mtoto hana hatia, na sasa nasitasita. Binti yule aliuliza swali lililopaswa kuulizwa jioni ileile ya kwanza, kabla sijapokea pesa, tena mbele ya watu wazima wawili ambao halikuwapitia akilini. Ikiwa wa gredi ya tano anajua kuuliza, basi hata yeye anaweza kuulizwa, na naona aandike alikolitoa kila jambo na alieleze kwa maneno yake, hata kama yatakuwa mabovu kuliko ya tovuti. Isipokuwa kazi iwe imetolewa leo itakiwe kesho, na nyumbani hakuna kompyuta. Hapo sioni tutamhukumu kwa haki gani. Na mwalimu anayeandika "Vizuri sana" bila kusoma naye aulizwe, ingawa najua ana madaftari mangapi mezani.

Faili lile nililifuta Jumamosi hiyohiyo. Nakala 12 nilizouza zimo majumbani mwa watu, na nyingi, kwa ushauri wangu, zimeandikwa chini: mtandao.