Miezi 9 siyo mwisho wa kliniki: majibu ya maswali yenu ya chanjo

Wiki hii maswali ya chanjo yamejaa na zaidi ya nusu ni lile lile la surua, kwahiyo naanza nalo.

Mwanangu alimaliza chanjo zote akiwa na miezi 9, sasa ana miaka 2 na nusu, nesi ananiambia kuna nyingine bado. Ni kweli? (Mama, Mbagala)

Ni kweli, hajamaliza. Nimeshaliandika hili mara nyingi na bado nauliziwa kila mwezi, na kinachoniuma ni kwamba imeandikwa kwenye kadi ambayo mama anayo mkononi. Surua-rubella ni mara mbili, miezi 9 na miezi 18, na utaratibu huu upo hapa Tanzania tangu 2014, siyo wa jana.

Mtoto wa miezi 9 bado ana mabaki ya kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama yake, na kinga hiyo inaizuia chanjo isifanye kazi vizuri, ndo maana kati ya watoto 100 wanaochanjwa umri huo kama 15 hivi wanabaki bila kinga ya surua. Kwa macho huwezi kuwajua ni wepi. Sindano ya pili ndo inayowafikia hao, na surua haina utani maana mgonjwa akishatoka chumbani virusi vinaweza kubaki kwenye hewa hadi masaa mawili, anayeingia baadaye anaugua bila hata kumuona aliyemuambukiza.

Tunapowapotezea watoto ni hapo katikati. Kuanzia miezi 9 mpaka 18 hakuna sindano nyingine, mtoto kaanza kutembea, ana afya, mama karudi kwenye biashara yake, kadi imelala chini ya godoro, basi kimya. Mpeleke wiki hii, kwa umri huo bado anachanjwa na ni bure. Na nyie akina baba mnaosoma hapa, kadi ya kliniki siyo ya mama peke yake, hebu leo ifungueni muone tarehe ya mwisho kujazwa ni lini.

Nilihamia kijijini mtoto akiwa kapata za wiki ya 6 tu, sasa ana miezi 7 na kadi imepotea. Naogopa kufokewa. Itabidi aanze upya? (Mzazi, Kilosa)

Haanzi upya. Chanjo aliyoipata haifutiki kwa kuchelewa, anaendelea alipoishia na zile zinazorudiwa, kama matone ya polio na Penta (sindano moja ya magonjwa matano), anapewa kwa kuachana wiki 4. Nesi ataangalia zipi umri bado unaruhusu maana chanjo ya kuhara ina kikomo cha umri, ila hiyo isikufanye uache na zilizobaki. Kuhusu kadi, kituo ulikoanzia kina rejesta, kama una namba ya simu ya mtu wa huko muombe akuangalizie, usipopata nenda hivyo hivyo utapewa kadi mpya.

Hilo la kufokewa nalichukulia kwa uzito kuliko swali lenyewe. Nimefanya kazi chumba cha chanjo miaka mingi, na kituo kimoja nilichokuwepo kulikuwa na tabia ya kumsimamisha mama mbele ya wenzake na kumsema kwa sababu ya kadi iliyochanika au tarehe iliyopita. Mama mmoja alisemwa hivyo akiwa na pacha, akainuka na watoto wake wawili hatukumuona tena, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Mpaka leo nawafikiria wale watoto. Manesi wenzangu, mama aliyechelewa akaja amefanya jambo kubwa kuliko tunavyodhani, mpokeeni mumchanjie mtoto, maneno yawe ya kumuelekeza tarehe inayofuata. Na wewe wa Kilosa ukifokewa usiondoke, muulizie mganga mfawidhi au mratibu wa chanjo wa wilaya, hiyo ni kazi yao.

Nimetembea kilomita nyingi kumpeleka mtoto wa wiki 2 apate BCG (chanjo ya kifua kikuu) nikaambiwa nirudi Alhamisi. Dawa ipo, nimeiona. Kwanini? (Mama, Tandahimba)

Dawa ipo ila chupa moja ya BCG huwa ni ya watoto 20 hivi na ya surua mara nyingi ni ya 10, inakuja unga, ikishachanganywa na maji yake inakaa masaa 6 tu halafu inamwagwa hata kama imetumika kwa mtoto mmoja. Kwahiyo vituo vinapanga siku watoto wakusanyike. Nesi hakukunyima kwa roho mbaya, anaogopa kuulizwa chupa zimekwenda wapi.

Lakini msimamo wangu haujabadilika, mama aliyetoka mbali kwa miguu mtoto wake afunguliwe chupa siku hiyo hiyo, na hata WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi zilizomwagwa zinaletwa nyingine, mama akirudishwa huenda asirudi. Ushauri wangu, omba namba ya simu ya kituo na uulize siku ya BCG na siku ya surua kabla hujatoka nyumbani, uliza pia kliniki ya mkoba inapita lini kitongojini kwenu.

Mtoto ana mafua, achanjwe?

Achanjwe. Anayesubiri ni mgonjwa wa kulazwa.

Alipochomwa BCG pametoa usaha, nipake nini?

Usipake kitu, siyo spiriti, siyo jivu, siyo unga wa vidonge vya antibayotiki. Panatakiwa pawe hivyo, patakauka na kuacha kovu. Pakizidi kuvimba au akitoa tezi kubwa kwapani mrudishe kituoni.

Shuleni wanataka kumchanja binti yangu wa miaka 11, nasikia inafunga kizazi. (Baba, Songea)

Haifungi kizazi. Inazuia kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake hapa kwetu, na inatolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla binti hajakutana na hicho kirusi, haimaanishi kuna mtu anamtuhumu mwanao. Ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, na 2024 ikawa dozi moja kwa miaka 9 hadi 14. Mruhusu. Na mama yake aende akachunguzwe mlango wa kizazi, hakuulizwa hapa lakini naye yumo, kipimo cha siki ni cha dakika chache.

Kadi yangu ya homa ya manjano imeandikwa miaka 10 na imeisha, nichomwe tena?

Hapana, tangu Julai 2016 ni ya maisha, hata zile za zamani. Ambaye hajawahi achome mapema, kadi inaanza kuhesabika baada ya siku 10. Za kununua stendi bila sindano acheni, mnajiua wenyewe, kirusi hakikagui kadi.

Jana jioni mbwa wa jirani kaniuma mguuni, kidonda kidogo, mbwa anaonekana mzima. Nisubiri nione? (Msomaji, Musoma)

Usisubiri hata kidogo. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea karibu kila mgonjwa anakufa, muda wa kujiokoa ni huu ambao unajiona mzima. Osha kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili hata kama uliosha jana, usipake pilipili wala mafuta ya taa, halafu nenda hospitali ya wilaya, zahanati nyingi hawana hiyo sindano. Beba hela maana mara nyingi inalipiwa, uliza na ya pepopunda. Siyo sindano moja, utapewa tarehe, na wengi wanachoma ya kwanza wakiona kidonda kimepona wanaacha. Rudi tarehe zote. Jirani mwambie leo hii asimuue huyo mbwa, amfunge aangaliwe siku 10, na kama kuna mtoto yeyote kachubuliwa naye muende wote.