Ngozi ya chuchu haiponi: krimu nyingine, au kipimo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 46. Chuchu yangu ya kushoto inawasha na kutoka magamba, mwezi wa nne sasa. Nilipaka dawa ya fangasi, haikusaidia. Nikapewa krimu ya ukurutu, ikatulia wiki mbili. Nilipoacha ikarudi, na safari hii inatoa majimaji yanayokauka kwenye sidiria. Nikijipapasa sioni uvimbe, na mamografia (picha ya eksirei ya titi) imetoka safi. Nimeambiwa nijaribu krimu nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Krimu nyingine hapana. Kinachotakiwa sasa ni kukatwa kinyama kidogo kwenye chuchu yenyewe kikapimwe maabara, na ukiombe kwa kukitaja hivyo hivyo.

Ukurutu wa kawaida mara nyingi hushika matiti yote mawili, huanzia kwenye ile duara nyeusi na kuiacha chuchu. Wako uko upande mmoja na umekaa kwenye chuchu. Kuna aina ya saratani iitwayo ugonjwa wa Paget, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1874. Huanzia kwenye chuchu, kisha hutambaa kuelekea kwenye duara, na hufanana na ukurutu kiasi kwamba hakuna daktari, hata awe bingwa, anayeweza kuamua kwa macho tu. Sisemi unao. Nasema miezi minne ya kukisia imetosha.

Ile nafuu ya wiki mbili isikupumbaze. Krimu ya ukurutu huwa na steroidi, nayo hutuliza mwasho na wekundu hata pale chini yake pana saratani. Mamografia nayo hutazama ndani ya titi. Ugonjwa ulio kwenye ngozi ya chuchu unaweza kuipita bila kuonekana. Kwa hiyo picha safi na ngozi isiyopona vikikutana, ngozi ndiyo ya kufuatwa.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Unachomwa sindano ya ganzi (hiyo ndiyo inayouma), kisha kifaa cha mviringo chenye upana wa milimita 3 hadi 4 kinatoa kipande cha ngozi kwa unene wake wote, na pengine unashonwa uzi mmoja au miwili. Unene huo ni muhimu. Pakikwanguliwa juu juu, maabara inaweza kupokea magamba matupu na kujibu kwamba hakuna kitu. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla ya sindano.

Jambo linaloharibu majibu mara nyingi ni fomu. Ikiandikwa “upele wa titi” tu, anayesoma kipande hajui atafute nini. Mwombe daktari aandike: chuchu ya kushoto, miezi minne, imerudi baada ya steroidi, Paget? Nenda na tyubu zote ulizopaka, hata zilizokwisha, kwa kuwa krimu nyingi ni mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki, na jina la mbele halisemi yote. Taja pia siku uliyopaka mara ya mwisho.

Ikionekana ni Paget, titi zima litachunguzwa zaidi, kwa altrasaundi na pengine MRI (picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku), maana wengi wenye ugonjwa huo huwa na saratani nyingine ndani ya titi hilo hilo. Majibu yakitoka safi lakini ngozi ikaendelea kukataa kupona, omba kipande kingine.

SWALI: Ninanyonyesha. Titi moja limevimba, lina joto na ngozi imekuwa nene. Nimemaliza dozi ya antibayotiki, homa imekwisha lakini titi liko vile vile. Nisubiri?

JIBU: Usisubiri, mama. Maambukizi ya titi huanza kutulia ndani ya siku mbili za dawa inayofaa. Dozi ikiisha na titi halijabadilika, nenda wiki hii hii ufanyiwe altrasaundi kuona kama kuna jipu, ambalo lazima litolewe usaha. Vidonge peke yake havilimalizi. Kama hakuna usaha, usikubali kurudishwa nyumbani na dozi ya pili: omba kinyama cha ngozi. Ipo saratani ya matiti inayokuja kwa uvimbe na joto, ikaenea titi zima kwa wiki chache, mara nyingi bila donge la kushika. Vitundu vya ngozi huonekana wazi kama ganda la chungwa. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Hapo rangi huwa ya zambarau, au ngozi huzidi weusi kuliko titi la pili. Simama mbele ya kioo, inua mikono, uyalinganishe yote mawili.

Wakati huo endelea kunyonyesha au kukamua pande zote mbili, isipokuwa daktari akuzuie, ili maziwa yasikwame.