RCD Haikati Bure: Kwa Vijana Mnaoanza Kufunga Paneli za Kupikia

Jumamosi iliyopita nilipita Ipagala, hapa Dodoma, kumwangalia kijana niliyemwachia kazi ya paneli. Kazi yenyewe si kubwa: hita mbili za kilowati 3, pampu moja na PID mbili (vidhibiti joto vinavyowasha na kuzima hita), kwa mteja anayepika pombe ya mtama nyumbani kwake. Nikafungua mlango wa boksi. Nyaya zimelala kwenye tranki, feruli zimebanwa, kila ncha ina namba yake. Nilifurahi, maana mkono ule niliufundisha mimi. Kisha nikaona nyaya mbili, fazi na nyutro, zimetoka meni swichi, zikaipita pembeni RCD, kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja, na kwenda moja kwa moja kwenye breka.

"Hii nini?"

"Kaka, hiyo RCD mbovu. Inakatakata tu. Nimeiruka kwanza, tukipata nyingine nitarudisha."

Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, karibu yote hivyohivyo. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi, kimya, mpaka kijana akaanza kuogopa. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili yake na kwa ninyi wengine mliotoka chuo juzi na sasa mnapewa kazi za peke yenu.

1. Anza na sufuria, boksi baadaye. Muulize mteja anapika nini na anapika vipi. Mnachukua michoro ya mitandaoni ya watu wanaopika bia ya shayiri: kimea kinatiwa kwenye maji ya nyuzi 65 hivi, vimeng'enya vinafanya kazi, basi. Mtama hauendi hivyo. Wanga wake unataka joto kubwa zaidi ili ulainike, na kwenye joto hilo vimeng'enya vya kimea vinakufa. Ndiyo sababu mama zetu wanapika uji kwanza mpaka uive, wanauacha upoe, ndipo wanatia kimea. Hawakuhitaji kipimajoto kulijua hilo. Kwenu nyinyi maana yake ni kwamba hita itakutana na uji, na uji mzito hauzunguki kama maji. Ukizamisha hita ya maji humo, uji unagandia koili na kuungua. Weka sufuria ndani ya pipa la maji, upashe maji. Mzee mmoja wa Hombolo nilimfungia hita ya kuzamisha ndani ya uji wenyewe. Baada ya siku tatu aliniita. Hakugomba. Alinikaribisha kiti, akanipa kikombe cha pombe ile, akasubiri nimalize chote.

2. Dodoma maji hayafiki 100. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiseti PID kwenye 100, inasubiri kitu ambacho hakitatokea. Hita haipumziki na pipa linakauka. Kwa kuchemsha, tumia modi ya asilimia, unayoipangia hita sehemu ya nguvu yake, uache kutafuta nyuzi. Na mwambie mteja muda kabla hajalalamika: lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka kwa kilowati 3 ni kama saa 1 na dakika 20, zaidi kidogo ya uniti 4 za LUKU, bila kuhesabu joto linalopotea. Jioni umeme ukishuka hadi volti 200, hita ileile inabaki na kilowati 2.3 hivi. Msikimbilie kubadilisha hita. Pimeni volti kwanza.

3. SSR, swichi ya kielektroniki ambayo PID huitumia kuwasha hita, ikifa, mara nyingi inakufa imeshikana ikiwa imewaka, na PID haina namna ya kuizima. Kwa hiyo mbele yake lazima kuwe na kontakta, swichi kubwa inayovutwa kwa umeme, inayokatwa na kitufe cha dharura pamoja na thamostati ya pili isiyohusiana na PID. SSR pia inatoa joto, kama wati 1 kwa kila ampea. Najua mnafunga boksi kabisa kwa sababu ya vumbi letu, na ni sawa, lakini basi hitisinki, kile chuma cha kupoza SSR, itoke nje mgongoni. Na msiiamini SSR iliyozimwa: inavujisha kidogo. Zima meni, ndipo uguse.

4. RCD haikati bure. Hapa nitakaa.

Mwaka 2013 nilikuwa na leseni changa na simu iliyoita mchana kutwa. Mwezi wa tatu nilimfungia mama mmoja wa Nkuhungu paneli kama hii: hita moja ya kilowati 3 ndani ya pipa la chuma, sufuria juu yake. Ilimpikia vizuri miezi sita. Mwezi wa tisa akapiga simu kwamba inakata. Nikaenda. RCD ilikuwa imeshuka, nikaipandisha, ikakaa. Akaniletea chai. Baada ya kama saa moja ikashuka tena.

Nilichomoa hita, nikaiweka juani huku namalizia chai, kisha nikaipima kwa maltimita. Kati ya ncha na ncha: om 17 na nusu, sawasawa na hita ya kilowati 3. Kati ya ncha na ganda: hakuna kitu. Hita nzima, basi RCD mbovu. Hesabu ilionekana imekamilika. Kulikuwa na mteja Kisasa ananisubiri, na mama alikuwa na harusi ya binti yake wiki ile, wageni wa kutoka Mvumi wameshaanza kufika. Nikairuka RCD. Kazi ya dakika tano. Nikamwambia, "Mama, endelea, wiki ijayo naleta nyingine." Akanishukuru, akaniombea baraka kwa Mungu, akanifungia na karanga za njiani.

Wiki iliyofuata sikwenda. Wala ile nyingine.

Kile ambacho sikukielewa siku ile mkielewe leo. Maltimita inapima om kwa nguvu ya betri, volti chache tu, na mimi niliipa hita iliyokaushwa na jua. Ganda lilikuwa na ufa mwembamba karibu na shingo, usioonekana kwa macho. Ikizama na kupata moto, maji yalipenya, umeme ukaanza kuvuja. RCD iliuona. Katika nyumba nzima, nikiwemo mimi na cheti changu, RCD peke yake ndiyo iliyouona, na mimi nikaifunga mdomo.

Siku ya kumi na nne mama alikuwa ameosha sakafu. Alikuwa peku kwenye saruji yenye maji, upawa mkono wa kushoto, akaweka kiganja cha kulia kwenye ukingo wa pipa ainame aangalie maji. Mwanawe wa miaka 12 alisikia upawa ukianguka. Alipotokea mlangoni alimkuta mama yake amesimama, mkono haubanduki, sauti haitoki. Mtoto hakumgusa. Alikimbilia meni swichi akazima, kwa sababu siku ya kufunga nilimwonyesha mara tatu na kumrudishia: zima kwanza, ndipo uende kwa mtu. Kwenye kazi yote ile hicho ndicho kitu ninachoweza kukitaja bila aibu.

Alipona. Kiganja kiliungua, na kwa miezi miwili hakuweza kusonga ugali. Gharama za hospitali nililipa mimi, lakini kilichokuwa kigumu kilikuwa kumweleza. Nilikaa kwenye mkeka wake nikamwambia kwamba RCD ilikuwa nzima, na kinga niliiondoa kwa mkono wangu. Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, si ungeniambia tu? Ningepikia kuni."

Miaka inapita na sauti ile bado naisikia. Alikuwa na kuni uani, zimepangwa vizuri, mzigo mzima. Harusi isingekwama. Mimi ndiye niliyeamua kwa niaba yake kwamba hatari ile ni ndogo, na sikumwambia hata kwamba ipo.

5. Ethi ya huku si ethi ya Dar. Nilipofunga paneli ya yule mama mvua zilikuwa zinanyesha, nikapima fimbo ya ethi: om 30 na kidogo. Baada ya ajali niliazima kipimo, nikapima fimbo ileile: om 180. Hakuna aliyeigusa. Udongo ulikauka, basi. Fanyeni hesabu: hata hita ikigusa ganda kabisa, volti 230 kwa om 180 ni ampea 1.3. Breka ya ampea 20 inaona mzigo mdogo kuliko hata wa pasi, inaendelea kulala, na pipa linabaki na umeme likimsubiri mtu. RCD ya miliampea 30 ingekata hata kwenye ethi mbovu namna hiyo. Kwa hiyo huku kwetu, ambako mvua ikiisha mwezi wa nne hatuioni tena hadi mwishoni mwa mwaka, atakayewaambia breka inatosha mwonyesheni hesabu hii. Pimeni ethi kiangazi. Ongezeni fimbo, ziende chini zaidi, na ziachane walau urefu wa fimbo yenyewe.

6. Mengine kwa haraka. Hita ilowekwe kwanza, kisha ipimwe kwa mega (kipimo cha uvujaji) ya volti 500. Ikisoma chini ya megaom 1 usiifunge. Ethi ya pipa ibanwe kwenye chuma kitupu, kwangua rangi. Kwenye kontakta ya hita soma ampea zilizoandikwa AC-1, namba ya AC-3 ni ya mota. Sensa ifungwe kwa nati, maana ikichomoka PID inasoma hewa ya jikoni na kupasha bila kikomo. Glandi zote ziingie kwa chini ya boksi. Skrubu za nyaya za hita zikazwe tena baada ya wiki ya kwanza ya kazi.

Na RCD ikikata, chomoa mizigo yote, urudishe mmojammoja. Ndivyo tulivyofanya Ipagala. Tulitoa zile nyaya mbili za pembeni, tukaipandisha RCD. Hita ya kwanza, ikakaa. Ya pili, tukaiacha saa nzima kwenye maji ya moto, ikakaa. Pampu, ikashuka papo hapo. Fazi ya pampu ilitoka kwenye RCD, nyutro yake ilikuwa imefungwa kwenye baa ya taa, nje ya RCD. Skrubu moja. Kijana aliihamisha, akawasha pampu, maji yakazunguka. Akabonyeza kitufe cha kujaribia, RCD ikakata inavyotakiwa.

Alianza kufunga mlango wa boksi huku anacheka kwa nafuu. Nikamuuliza mteja ameanza kupika lini. Akasema Jumatano. Nikamwambia aende ndani akamweleze mwenye nyumba, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba tangu Jumatano amekuwa akipika bila kinga. Alisimama kidogo, akafuta mikono kwenye suruali, akabisha hodi. Mimi nilibaki uani na bisibisi, namsubiri.