Maswali na majibu: programu ya kweli ni ipi?

SWALI: Mimi ni karani wa stoo katika duka la jumla Kariakoo. Nimejitengenezea faili la Excel linalohesabu mzigo unaoingia na kutoka, linanionya bidhaa ikikaribia kwisha, na nikibonyeza kitufe linatoa ankara. Mtoto wa bosi, aliyesomea kompyuta chuoni, aliliona akacheka na kusema hiyo si programu. Je, anasema kweli?

JIBU: Hasemi kweli, ndugu yangu. Kuandika programu ni kuipa mashine maelekezo yasiyo na utata, kisha kuwajibika pale yanapokosea. Ukishaandika kwamba magunia yakipungua chini ya kumi seli igeuke nyekundu, umeandika sharti, na sharti halibadiliki asili yake kwa kuwa limeandikwa katika Excel badala ya lugha ya programu kama C. Isitoshe, tangu Microsoft ilipoitangaza LAMBDA, zana ya kujiundia fomula zako mwenyewe, mwaka 2020, fomula za Excel peke yake, hata bila makro (vijiprogramu vinavyoambatanishwa na faili), zina uwezo wa kimsingi wa kufanya hesabu yoyote inayofanywa na lugha nyingine za programu.

Kicheko hicho hakikuanzia Kariakoo. John Backus na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya IBM walipotoa lugha ya programu ya Fortran mwaka 1957, wengi waliozoea kuandika maelekezo ya mashine moja kwa moja hawakuamini kwamba kompyuta ingeweza kuwatafsiria kazi yao bila kuizorotesha. Leo Fortran ni lugha ya wanasayansi, na hakuna anayeicheka kwa wepesi wake. Lugha ya BASIC nayo ilibuniwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kutumia kompyuta, na mwaka 1975 Dijkstra, mtaalamu mkubwa kutoka Uholanzi, akaandika kwamba aliyeanzia BASIC karibu hafundishiki tena. Maneno ya aina hiyo huuma. Mimi mwenyewe, katika usaili mmoja wa kazi pale Posta, niliona haya kusema kwamba nilianzia Visual Basic, lugha iliyotokana na BASIC, nikajitapa kwa C, nikaulizwa swali la C, nikanywea.

Hata hivyo, kuna maswali ambayo kijana huyo angekuuliza na yakakufaa. Nakala ya akiba ya faili iko wapi? Ukiugua, nani mwingine analielewa? Na mistari ikijaa itakuwaje? Mwezi Oktoba 2020 huko Uingereza, majibu karibu 16,000 ya vipimo vya korona yalichelewa kuingia katika takwimu kwa sababu mafaili ya muundo wa zamani wa Excel hayapokei zaidi ya mistari 65,536. Kosa lile lilitokana na kukipa chombo mzigo kisichoumudu, jambo linaloweza kutokea katika lugha yoyote.

SWALI: Wenzangu wa hosteli hapa Ubungo wananitania kwa sababu ninaandika PHP. Nihamie lugha nyingine?

JIBU: Hama ukipata kazi inayodai lugha nyingine. Wakikutania tena, waulize Wikipedia wanayonakilia kazi zao za nyumbani inaendeshwa kwa lugha gani.

SWALI: Je, HTML ni programu?

JIBU: Hapana, nami sisemi hivyo kwa dharau. HTML inaeleza ukurasa una nini, yaani kichwa cha habari, aya, picha na fomu. Yenyewe haiamui wala hairudii jambo. Kuiandika vizuri, hasa ili hata asiyeona aweze kusomewa ukurasa na simu yake, ni ufundi ambao waandishi wengi wa programu hawana.

SWALI: Mwanangu ana miaka kumi. Shuleni wanatumia Scratch, anapanga matofali ya rangi na paka anatembea. Jirani yangu hapa Mbagala ananiambia huo ni mchezo, nimtafutie mwalimu wa lugha ya kweli. Nifanye nini?

JIBU: Mama, hifadhi fedha yako kwanza. Scratch ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, na ndani ya matofali hayo mna masharti, vitanzi (maelekezo yanayojirudia) na vigeu (majina yanayohifadhi thamani zinazobadilika), mambo yaleyale atakayokutana nayo popote. Kilichoondolewa ni adha ya programu kugoma kwa sababu ya alama moja iliyosahaulika. Mwambie akueleze kwa nini paka anageuka akifika ukutani. Akiweza kukueleza, anaandika programu. Siku atakapolalamika kwamba matofali yamekuwa mengi mno na hayatoshi kwenye kioo, hapo mtafutie mwalimu wa lugha ya Python.